Kubana peke yake hakutoshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe ushauri ambao wajawazito na waliojifungua hupewa karibu kila mahali ili kuimarisha misuli ya sakafu ya nyonga: "Ukienda kukojoa, kata mkojo katikati, uachie, ukate tena." Nia ni njema, lakini kukata mkojo kila siku huzoeza kibofu kisimalize kazi yake, na mkojo unaobaki hualika maambukizi. Fanya hivyo mara moja tu ili kuitambua misuli, kisha zoezi litoke chooni.

Misuli ya sakafu ya nyonga imetandazwa mithili ya machela, kutoka mfupa wa kinena hadi kifandugu, ikibeba kibofu, mji wa mimba na puru. Keti au lala ubavu. Vuta pumzi tumbo lijae. Unapoitoa, bana njia ya haja kubwa kama mtu anayezuia upepo mbele za wakwe, kisha vuta mbele na juu. Shikilia sekunde 5, baadaye ufike 10, halafu uachie kwa muda uleule. Mara 8, awamu 3 kwa siku, kwa miezi isiyopungua 3. Wengi huacha wiki ya tatu kwa kuwa hawajaona tofauti, ilhali misuli haijapata muda wa kupata nguvu.

Makosa ni yaleyale: kukaza matako na mapaja, kuziba pumzi na, baya kuliko yote, kusukuma chini badala ya kuinua. Anayesukuma anaidhoofisha misuli aliyokusudia kuiimarisha.

Tena si kila mwanamke anahitaji kubana. Wapo ambao misuli yao imekakamaa: tendo la ndoa linauma, mkojo unasita kutoka, choo ni cha kujikamua. Huyu ukimwongezea mazoezi ya kukaza unamzidishia maumivu. Yeye afundishwe kulegeza kwa pumzi ndefu za tumboni, na chooni aweke kigoda chini ya miguu ili magoti yapite nyonga. Ndiyo maana mtaalamu wa fiziotherapia hupima kwanza, akipewa ridhaa, kwa kidole kimoja ukeni, ndipo aagize zoezi. Karatasi moja inayogawiwa kwa wote haiwezi kufanya kazi hiyo.

Kuanzia wiki ya 34 hivi, kukanda msamba, yaani sehemu iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa, husaidia, hasa kwa anayejifungua kwa njia ya kawaida mara ya kwanza. Hupunguza uwezekano wa kuongezewa njia, yaani kukatwa msamba wakati wa kujifungua. Vidole gumba safi, kucha fupi, viingie ukeni sentimita 3 hadi 4, vikandamize chini na pembeni mpaka msamba uvutike bila kuuma, kwa dakika 5 hivi. Asifanye mwenye kutokwa damu, maambukizi ukeni, kondo lililokaa chini au chupa iliyopasuka.

Baada ya kujifungua, anza kwa kubana kidogokidogo mara mkojo unapotoka vizuri na mpira wa mkojo, kama uliwekwa, umeshaondolewa. Kabla ya kukohoa, kupiga chafya au kumnyanyua mtoto, bana kwanza. Mbio na kuruka visubiri walau wiki 12. Aliyejifungua kwa upasuaji naye hajasamehewa: misuli yake imebeba mimba miezi yote ile.

Kuvuja mkojo ukicheka ni jambo la kawaida kwa maana ya kutokea kwa wengi, si kwa maana ya kuvumiliwa. Ukihisi uvimbe ukeni, ukishindwa kuzuia upepo au haja kubwa, tafuta matibabu. Na mkojo ukitiririka usiku na mchana bila kukoma baada ya uzazi, mazoezi ni kupoteza muda. Hiyo huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke; nenda hospitali upesi, kwani ikigunduliwa mapema mpira wa mkojo pengine unatosha kuifunga bila upasuaji.

Mtaalamu wa fiziotherapia