Tangazo la shule lisiishie WhatsApp

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nizungumze na wakuu wa shule na viongozi wa kamati za wazazi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nauza mboga na matunda Soni, wilayani Lushoto. Mwaka 2018 kaka yangu aliyeko Dar es Salaam alinunua simu mpya, ya zamani akanipa mimi. Ilikuwa simu janja ya Android 4.4, toleo lililotoka mwaka 2013. Kioo kilikuwa na ufa, lakini ilinitosha. Grupu la wazazi lilikuwa humo, la kikoba humo, na wateja wangu wa Tanga mjini waliagiza peasi humo humo. Kila ilipoandika kuwa nafasi imejaa, nilifuta kitu. Nimefuta hadi picha za msiba wa mama yangu ili nisipitwe na matangazo ya shule.

Oktoba 24, 2023 WhatsApp iliacha kuhudumia simu zilizo chini ya Android 5.0. Nilidhani bando limeisha, nikanunua jingine. Fundi ndiye aliyenieleza kuwa simu ni nzima, ila toleo lake halikubaliki tena na simu ile haipokei jipya. Akataka kuniwekea ile WhatsApp wanayoiita GB. Nilikataa, na wenzangu nawasihi wakatae: haitoki kwa wenye WhatsApp, na namba yako inaweza kufungiwa.

Sina ugomvi na kampuni. Simu iliyozeeka haipati tena marekebisho ya usalama, hilo nimelielewa. Kinachoniuma ni cha hapa kwetu.

Februari iliyofuata, shule ya binti yangu iliitisha kikao cha wazazi Jumamosi, siku ninayouza kuliko zote. Sikufungua meza, nikapanda bodaboda hadi shuleni. Geti limefungwa. Mlinzi akaniambia, "Mama, kikao kilikuwa jana. Walitangaza kwenye grupu kwamba siku imebadilika." Binti yangu alikuwa kidato cha nne, na siku hiyo ndipo walipopanga mchango wa kambi ya mitihani. Wiki mbili baadaye akarudishwa nyumbani kwa mchango ambao sikuwahi kuusikia, na mwalimu alimwambia mbele ya wenzake kwamba mama yake hafuatilii.

Mhariri, mimi nafuatilia. Alipokuwa shule ya msingi, matangazo yalikuja kwa barua yenye muhuri, nazo nimezitunza zote kwenye sanduku la nguo. Nyingine ni robo ya karatasi tu, lakini zilinifikia.

Grupu libaki, wenye simu mpya watumiane picha na sauti humo. Ila tangazo linalohamisha kikao, linalotaja pesa au mtihani, litumwe pia kwa meseji ya kawaida. Herufi 160 zinatosha kuandika siku, saa na kiasi. Inaingia hata kwenye kitochi, na anayeipokea hahitaji bando. Na mzazi asipojibu, mtoto apewe karatasi aende nayo nyumbani kabla ya kurudishwa kwa mchango.

Sasa natumia kitochi. Kinawaka usiku na mchana, na namba yangu shule wanayo tangu siku niliyomwandikisha binti yangu.

Mzazi,
Soni, Lushoto