Risala ya Klabu ya Baiolojia kwa Mgeni Rasmi: Aktini Ndani ya Kiini cha Seli ya Kinga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi, na wanafunzi wenzetu,

Tunakusalimu kwa heshima na kukushukuru kwa kuacha maabara na wagonjwa wako ili uwe nasi leo. Kwa kuwa wewe ni daktari uliyebobea katika magonjwa ya kinga, tumeona risala yetu isianze na mahitaji ya klabu. Ianze na jambo lililotushughulisha muhula mzima: namna protini ya aktini inavyosaidia seli za kinga kufungua jeni zao.

Mheshimiwa, sote tulikutana na aktini katika somo la misuli. Brunó Straub aliitenga huko Szeged, Hungaria, katika maabara ya Albert Szent-Györgyi, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1942. Mwaka huohuo, Mwingereza Conrad Waddington alichapisha hoja zake kuhusu kile alichokiita epijenetiki, yaani namna jeni zinavyojidhihirisha katika kiumbe. Moja lilihusu nyama, jingine lilihusu urithi. Hata aktini ilipoonekana ndani ya kiini cha seli, wanasayansi wengi waliiona kuwa ni uchafu uliopenya wakati wa kuandaa sampuli. Habari hiyo ilitugusa, kwa sababu nasi katika mazoezi hukimbilia kufuta tokeo lisilolingana na kitabu.

Uzi wa DNA wa seli moja ya binadamu, ukinyooshwa, hukaribia mita 2, nao hukaa ndani ya kiini chenye upana wa mikromita chache tu. Huzungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, jozi za besi (vipande vya uzi wa DNA) 147 kwa kila fundo la histoni nane, na uzi pamoja na protini zake ndio kromatini. Pale ilipobanwa sana, jeni hazisomeki. Tumeliona hili kwa macho yetu kwenye slaidi za damu: limfosaiti (seli nyeupe ya kinga) iliyotulia ina kiini kidogo, cheusi, kilichoshikana, iliyoamshwa ina kiini kikubwa na chepesi, rangi imefifia. Tulibishana kwa muda mrefu kabla ya kukubali kwamba ni seli za aina moja.

Nani huifungua kromatini? Mwaka 1998 kundi la Gerald Crabtree nchini Marekani lilionyesha kwamba kipokezi cha seli T (aina ya limfosaiti), yaani protini inayotambua adui, kikiamshwa, kundi la protini liitwalo BAF hushikamana upesi na kromatini. BAF hutumia nishati ya ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, kusogeza histoni, na miongoni mwa viungo vyake imo aktini, tena ikiwa molekuli moja moja, si uzi kama ule wa msuli. Nyuzi nazo zipo. Mwaka 2019 watafiti waliripoti kwamba katika seli T saidizi nyuzi za aktini huchipuka ndani ya kiini mara tu kipokezi kinapoamshwa, zikichochewa na kalsiamu, kisha hutoweka. Zikizuiwa, seli hupungukiwa na saitokini, yaani jumbe za kuamsha wenzake. Kwetu sisi hapa ndipo penye uzuri wote, kwamba ulinzi wa mwili mzima unategemea nyuzi zisizodumu.

Uhusiano huu wa aktini na jeni una pande mbili. Kimeng'enya EZH2 huweka alama za methili (vikundi vidogo vya kemikali) kwenye histoni iitwayo H3 ili jeni zinyamaze. Lakini mwaka 2005 kilionekana pia nje ya kiini cha seli T, kikishiriki katika ujenzi wa nyuzi za aktini.

Mheshimiwa, haya yana watoto nyuma yake. Mwaka 1937 Alfred Wiskott, daktari wa Munich, alieleza habari za ndugu watatu wa kiume waliotokwa damu, wakawa na ukurutu na maambukizi yasiyokoma, ilhali dada zao walikuwa wazima. Jeni ya ugonjwa huo, uitwao leo Wiskott-Aldrich, ilipatikana mwaka 1994. Protini yake, WASP, huongoza ujenzi wa nyuzi za aktini, na mwaka 2010 ilionyeshwa kwamba huingia pia kwenye kiini na kushiriki katika kuweka alama za kufungua jeni ya TBX21, ambayo seli T huihitaji ili ziwe wapiganaji wa aina ya TH1, kundi mojawapo la seli T saidizi. Tunaamini kwamba anayeutazama ugonjwa huu kama hitilafu ya umbo na mwendo wa seli peke yake, ameona nusu tu.

Maombi yetu ni mawili. Hadubini yetu haina lenzi ya mafuta, na bila lenzi hiyo mpangilio wa kromatini hauonekani vizuri. Tunaomba utusaidie kuipata. La pili, tunaomba utupokee siku moja katika maabara yako, japo wachache wetu, tuone seli T hai ikiamshwa.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanafunzi wa Klabu ya Baiolojia