Uhuru wa Marekani na aya iliyofutwa

Mhariri,

Kila ifikapo Julai 4, magazeti yetu hulisifu Azimio la Uhuru la Marekani kana kwamba lilishushwa kutoka mbinguni. Sina ugomvi na maneno yenyewe. Kutamka mwaka 1776 kwamba watu wote wameumbwa sawa, na kwamba serikali hupata mamlaka kwa ridhaa ya wanaotawaliwa, kulihitaji ujasiri mbele ya mfalme wa Uingereza, aliyetawala makoloni hayo.

Lakini rasimu ya Thomas Jefferson, mwandishi mkuu wa Azimio hilo, ilikuwa na aya nzima iliyomshutumu Mfalme George III kwa biashara ya watumwa. Wajumbe wa makoloni waliokutana kulipitisha Azimio waliifuta. Jefferson aliandika baadaye kuwa ilifutwa kuwaridhisha watu wa makoloni ya South Carolina na Georgia, ilhali yeye mwenyewe alimiliki watumwa zaidi ya 600 maishani mwake! Katika Azimio kikabaki kilio kwamba mfalme anachochea uasi wa ndani, yaani wa watumwa. Si ajabu: Novemba 1775 Lord Dunmore, gavana wa mfalme katika koloni la Virginia, aliwaahidi uhuru watumwa wa wakoloni walioasi, iwapo watashika silaha upande wa mfalme. Mamia walitoroka wakamfuata. Wewe ungekuwa mtumwa, ungepigana upande gani?

Waliotimiza ahadi ile ya Azimio, kwamba watu wote ni sawa, ni Wahaiti, waliouvunja utumwa kwa mikono yao na kutangaza uhuru mwaka 1804. Marekani ilikataa kuwatambua hadi 1862. Makala yenu ijayo iwape nao nafasi, hata safu moja.

Msomaji wenu,
Morogoro