Kwa Nini Paneli Mpya ya Sola Hupungua Nguvu Mwaka wa Kwanza

Wateja wengi hurudi dukani kwetu Luthuli Avenue na swali lile lile: paneli niliyofunga Rongai juzi juzi haitoi tena nguvu kama mwanzo, je, mliniuzia feki? Ikiwa kilichopungua ni kidogo tu, sababu huenda imo ndani ya silikoni yenyewe, yaani ile mali ya paneli inayogeuza jua kuwa umeme.

Silikoni ya paneli haivumilii uchafu. Atomu moja ya chuma kati ya atomu bilioni 50 za silikoni yatosha kuleta hasara. Chuma hicho huingia kiwandani, mara nyingi kutoka kwenye chungu cha kuyeyushia, na kikishaingia huwa mtego: elektroni iliyoamshwa na jua hunaswa hapo, nguvu yake ikapotea kama joto kabla haijafika kwenye waya.

Tena chuma hakikai peke yake. Paneli nyingi za miaka iliyopita zilitiwa boroni makusudi, elementi inayoisaidia silikoni kupitisha umeme. Atomu ya chuma ina chaji chanya, ya boroni hasi, basi huvutana na kushikana. Jua kali huzitenganisha, na chuma kikiwa huru hunasa elektroni vibaya zaidi. Gizani hushikana tena. Boroni ikikutana na oksijeni hutokea kasoro nyingine, na hiyo ndiyo hasa inayokula nguvu siku za mwanzo za juani. Upungufu huu uliripotiwa tangu 1973.

Viwanda havijalala. Huingiza fosforasi kwenye moto wa zaidi ya nyuzi 800, nayo huvuta chuma na shaba hadi pembeni ambako hazidhuru sana. Wengi pia wameacha boroni wakatumia galiamu, elementi isiyoleta kasoro ile na oksijeni, hatua tunayoipenda kwa dhati.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, soma waranti sehemu ya mwaka wa kwanza. Paneli za boroni mara nyingi huruhusiwa kushuka 2% hadi 3%. Za aina ya N, yaani zenye silikoni iliyotiwa fosforasi badala ya boroni, takriban 1%.

Lakini paneli ikipoteza robo ya nguvu, usisingizie chuma wala boroni. Angalia vumbi, kivuli cha tangi la maji la jirani, na viunganishi vilivyolegea. Mawingu ya Julai nayo hudanganya wengi, kwa hiyo ngoja siku ya jua la wazi. Utuite saa sita mchana tupime volti na ampea paneli ikiwa paani, kisha tulinganishe na kibandiko cha nyuma mbele yako.