Kaka, lile gunia sijalisahau

Kaka,

Nasikia umenunua mashine ya santuri, na unawaambia watu kwamba sidii hazina roho. Wewe! Nilicheka, kisha nikanyamaza.

Kwa usafi wa sauti sikubishana nawe hata siku ile ya gunia. Kanda huvuma hata mwimbaji akinyamaza. Santuri hutatarika, na wimbo wa mwisho wa kila upande husikika umechujuka, maana karibu na kitovu mfereji hupita polepole chini ya sindano. Sidii hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde, na kimya chake ni kimya kweli. Hapo ulishinda.

Lakini tulipomzika baba ulikesha usiku mmoja ukihamishia kanda na santuri zote za baba kwenye sidii za kuchoma, na asubuhi nikazikuta kwenye gunia mlangoni, za kutupwa. Juu kabisa ilikuwa ile kanda ya dakika 90, ambayo baba alivunja vijino vyake viwili vya mgongoni ili mtu asirekodi juu yake. Nilikuomba hiyo moja tu. Ukasema, "Sidii itatuzika sote," ukafunga gunia.

Sidii ya dukani hubeba sauti katika vishimo vilivyogandamizwa kiwandani. Ya kuchoma huibeba katika tabaka la rangi, na rangi hufa kwa mwanga na joto. (Ninyi mnaosoma, kama za harusi yenu ni za kuchoma, zinakilini leo.) Tena tabaka hilo liko upande wa maandishi, si ule unaong'aa, nawe uliandika majina kwa kalamu ya ncha ngumu! Kanda ikilegea unaisokota kwa kalamu. Ikikatika unaiunga, unapoteza neno moja.

Basi hizo santuri zako zisimamishe, usizilaze kwa marundo, na sindano ikichakaa ibadilishe, la sivyo itakula mfereji. Mimi ningemtunzia baba zake hivyo. Najua utasema sidii zilikaa kwangu, dirishani, miaka yote. Zilikaa dirishani kwa sababu wewe ulisema haziharibiki. Ningejuaje?

Imebaki moja inayofunguka. Baba anakohoa, anaanza kuita jina lako, halafu inakwama kwenye silabi ya kwanza, inairudia na kuirudia. Huwa siizimi haraka. Njoo uisikilize, kaka, na hiyo mashine yako uje nayo.