Risala ya Wanafunzi wa Karakana kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuwasha Upya Mashine ya CNC

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Walimu wetu wapendwa,
Wazazi, wageni waalikwa, mabibi na mabwana.

Sisi wanafunzi wa karakana ya mbao na umeme tunakukaribisha kwa furaha kubwa. Tunafahamu una majukumu mengi, na tunashukuru kwamba umekubali kuja kusimama nasi kwenye vumbi la mbao. Tunakuomba radhi mapema: risala hii inahusu nyaya, na nyaya zetu hazikuwa chache.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mashine uliyoonyeshwa ulipoingia ni ruta ya CNC, yaani mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta. Fikra ya kuongoza mashine kwa namba ni ya siku nyingi. Chuo cha MIT cha Marekani kilionyesha mashine ya namna hiyo mwaka 1952, ikisoma maagizo kwenye utepe uliotobolewa. Yetu si ya zamani kiasi hicho, ingawa ilianza kutufanya tudhani hivyo. Kompyuta yake ilitumia DOS, programu endeshi ya zamani, na ilipokea kazi kwa flopi, zile diski laini za zamani. Betri yake ya ndani ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila asubuhi ilipowashwa ilituarifu kwamba leo ni tarehe 1 Januari 1980. Baadhi yetu tulizoea kuijibu, "Heri ya mwaka mpya."

Flopi ya mwisho ilipogoma kusomeka, mashine ikafunikwa turubai. Ilipendekezwa ikauzwe chuma chakavu. Hapo ndipo tulipoomba tuifungue kwanza.

Tulichokikuta ndicho kilichotupa moyo. Fremu ya chuma ilikuwa imara. Reli zilikuwa na grisi iliyoganda lakini hazikuwa na makovu. Skrubu za kusukuma mihimili zilizunguka bila kukwaruza, isipokuwa nati moja ya mhimili wa X iliyokuwa na mchezo, yaani imelegea: ukilisukuma kwa mkono daraja, ile boriti inayobeba kisu, geji ya saa inasoma karibu robo milimita kabla skrubu haijazunguka. Mota zote nne zilikuwa nzima. Kilichozeeka kilikuwa ubongo na mishipa ya fahamu, na hivyo vinabadilishika. Kutengeneza fremu kama ile upya kungetushinda.

Kuhusu nati ile, tulibishana wiki nzima. Programu za kisasa zina sehemu ya kuandika kiasi cha mchezo ili mashine ijifidie yenyewe kila inapogeuza mwelekeo. Wenzetu walitaka tuandike 0.25 tuendelee na safari. Mwalimu alikataa, na sasa tunakiri alikuwa sahihi: kisu kinapoingia kwenye mbao ngumu, mbao nayo inasukuma, na nati iliyolegea inacheza hata namba utakayoandika ikiwa hapo hapo. Tulibadilisha nati.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, turuhusu tukae kidogo kwenye hesabu moja, maana ndiyo iliyotufundisha kuliko yote. Mota yetu hupiga hatua 200 kukamilisha mzunguko. Draiva, yaani kifaa kinachoipa mota umeme wake, inaigawa kila hatua mara 10, hivyo mzunguko mmoja ni mapigo 2,000 ya umeme. Skrubu ikizunguka mara moja husogeza daraja milimita 5. Kwa hiyo kila milimita inahitaji mapigo 400. Tukitaka mashine itembee milimita 100 kwa sekunde, lazima kitu fulani mahali fulani kitoe mapigo 40,000 kila sekunde, kwa nafasi sawasawa, bila kusinzia.

Jaribio letu la kwanza lilikuwa kuchukua kompyuta ya ofisini iliyostaafu, kuweka programu huria ya LinuxCNC, na kutuma mapigo kupitia tundu la pini 25 lililo nyuma yake. LinuxCNC ina asili nzuri: chimbuko lake ni mradi wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika miaka ya 1990, na leo yeyote anaweza kuitumia na kuirekebisha bure. Mashine ilitembea. Tulipiga makofi. Kisha tukaongeza mwendo, mota ikalia kama mluzi, ikasimama, na kwenye skrini namba zikaendelea kwenda mbele kana kwamba hakuna lililotokea. Stepa mota, yaani mota ya hatua kama zetu, haina mdomo. Ikipoteza hatua haimwambii mtu. Mbao ndiyo iliyosema, kwa mfereji uliochongwa sentimita mbili pembeni ya pale ulipotakiwa.

Tatizo lilikuwa kompyuta kulazimishwa kupiga kila pigo kwa mkono wake. Ina mambo mengine ya kufanya, na ikigeuka kuyashughulikia hata kwa muda mdogo kuliko unaoweza kuhisiwa, pigo linachelewa na mdundo unavunjika. Kwa hiyo tukanunua bodi ya kielektroniki ya Mesa inayounganishwa na kompyuta kwa kebo ya mtandao. Sasa kompyuta inaiambia bodi mara 1,000 kwa sekunde, "mhimili huu uende kwa kasi hii," na bodi yenyewe ndiyo inayopiga mapigo kwa saa yake isiyoyumba. Mluzi ukaisha siku hiyo hiyo.

Draiva tulibadilisha pia, kutoka za volti 24 kwenda za volti 48. Mtu aweza kuuliza kwa nini, wakati mota ni zile zile. Koili ya mota haijai umeme papo hapo; mota inapokimbia, zamu ya koili inapita kabla haijajaa, na nguvu inapungua. Volti kubwa inaijaza upesi, huku draiva ikidhibiti mkondo usizidi kiwango cha mota. Mota hazikubadilika, ila kwenye mwendo wa kasi zimepata nguvu ambayo hatukuwahi kuiona kwao.

Makosa yetu hatutayaficha. Daraja la mashine linasukumwa na mota mbili, kushoto na kulia. Siku ya kwanza ya kuliwasha, jozi moja ya nyaya za mota ya kulia iligeuzwa, kwa hiyo kushoto ikaenda mbele na kulia ikarudi nyuma. Aliyekuwa ameshika kitufe cha dharura alikibonyeza kabla hatujamaliza kusema "simamisha." Kitufe kile kinakata umeme wa mota moja kwa moja kupitia kontakta, yaani swichi kubwa ya umeme, hakipiti kwenye programu yoyote, na baada ya siku ile hakuna tena anayeuliza sababu.

Kosa la pili lilitusumbua siku tisa. Kila spindo, yaani mota inayozungusha kisu, ilipowashwa, mashine ilisimama na kudai imegonga swichi ya mwisho wa reli, wakati daraja liko katikati ya meza. Tulibadilisha swichi. Tukabadilisha pini kwenye bodi. Mmoja wetu alikwishaanza kuilaumu programu. Ndipo mwenzetu wa mwaka wa kwanza, aliyekuja kufagia, akauliza kwa nini waya mwembamba wa swichi umefungwa pamoja na kebo nene ya spindo. Kibadilisha masafa kinachoiendesha spindo hutoa kelele nyingi za umeme, nasi tulikuwa tumezipa kelele hizo njia ya kuingilia, tena tumeifunga vizuri kwa tai za plastiki. Tulitenganisha nyaya, tukaweka kebo yenye ngao iliyoungwa ardhini, na mizimu ikahama. Mwanafunzi huyo sasa ndiye mkuu wa kitengo cha umeme, na bado anafagia kwa zamu kama sisi wote.

Kuhusu unyoofu wa daraja, tulitumia kanuni ambayo kila seremala hapa anaijua ya kupima pembe mraba, ya 3, 4, 5. Tulichonga mstatili wa milimita 600 kwa 800 na kupima kona kwa kona. Zingetakiwa kuwa 1,000 zote mbili, tukapata 1,001.5 na 998.5. Zamani ungelazimika kulegeza boliti na kugonga kwa nyundo. Sasa kila upande wa daraja una swichi yake ya mwanzo, inayoonyesha pa kuanzia, na kila mota inaitafuta ya kwake, kwa hiyo tulibadilisha namba moja kwenye faili na kujaribu tena. Mara ya nne zilisoma 1,000 zote mbili.

Ama kuhusu kuchonga kwenyewe, tofauti kubwa iko kwenye mikunjo. Kidhibiti cha zamani kilisoma mstari mmoja wa maagizo na kusimama kidogo kabla ya kusoma unaofuata. Kwenye duara lenye vipande mamia, kisu kilisugua mahali pamoja na kuacha alama za kuungua. Kipya kinatazama mistari iliyo mbele na kupita bila kusita. Tumeweka vipande viwili mezani kwako, Mheshimiwa. Tafadhali pitisha kidole pembeni mwa kila kimoja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi, kama risala zote.

La kwanza ni mashine ya kunyonya vumbi. Vumbi la mbao limeorodheshwa na IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, kuwa linasababisha saratani kwa binadamu, na ruta inayokwenda kasi inazalisha vumbi kwa kasi hiyo hiyo. Barakoa tunazo, hazitoshi.

La pili ni bodi moja ya akiba. Mashine nzima leo inategemea kipande kimoja kinachoenea kwenye kiganja.

La tatu halihitaji fedha. Hatuombi mashine mpya. Tunaomba kwamba mashine nyingine zilizolala bohari chini ya turubai zisiuzwe kabla hatujaruhusiwa kuzifungua na bisibisi zetu. Ya pili mlangoni tumeshaichungulia, na reli zake zinang'aa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ubao umebanwa mezani, kisu cha milimita 6 kimefungwa, na jina lako limo kwenye faili. Miwani ya usalama iko mkononi mwa mwenzetu aliye kulia kwako. Kitufe cha kuanzia ni kile cha kijani. Chekundu tumemkabidhi mkuu wa kitengo cha umeme.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wanafunzi wa karakana.