Fidia ya ardhi ina muda wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Huku Buhongwa, mradi ukitajwa tu, watu huulizana swali moja: alama ya X imeshachorwa ukutani, wathamini wamepita, hela lini?

Serikali ina mamlaka ya kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 inasema hivyo, na barabara sote tunaitaka. Lakini Ibara ya 24 ya Katiba inadai fidia inayostahili, na kanuni za mwaka 2001 hazihesabu matofali na bati pekee. Kuna thamani ya ardhi yenyewe kwa bei ya soko, posho ya usumbufu, usafiri, pango la miezi 36 na, kwa mwenye duka, faida anayoipoteza. Wangapi wanayajua haya wanapowekewa fomu wasaini?

Kinachosahaulika zaidi ni muda. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi 6. Ikichelewa, inadaiwa na riba. Miaka 2 ikipita bila malipo, tathmini inakoma na lazima ifanywe upya. (Na muda wote huo mwenye nyumba ameambiwa asiendeleze chochote, hata chumba cha mpangaji!)

Ombi langu kwa watendaji wa mitaa: bandikeni haki hizi ofisini kabla wathamini hawajaingia kwenye nyua za watu, na kila mmoja apewe nakala ya fomu yake siku hiyo hiyo.

Msomaji wako,
Buhongwa, Mwanza